Ustawi wa jamii: usisubiri karatasi ya kuruhusiwa

Maswali na majibu

Barua za toleo hili zinahusu ofisi ya ustawi wa jamii. Tulipozisoma zote kwa mkupuo, tuliona nyingi zimeandikwa jambo likiwa limeshaharibika: bili imeshatoka, kesi imeshafutwa, kibarua kimeshaota nyasi. Kwa hiyo katika majibu mengi hapa chini tumetaja siku na saa, na tunaomba zisomwe kwa makini kuliko maneno mengine.

Kwenye kata yetu kuna afisa maendeleo ya jamii, na watu wanamwita "ustawi". Je, ni mtu yule yule? (Msomaji, Kilosa)

Hapana, ingawa mara nyingi wanakaa chumba kimoja na kugombea kiti kimoja. Wote wawili ni watumishi wa halmashauri, na wizara yao ya kisera ni ile ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, iliyotenganishwa na Afya mwezi Januari 2022. Afisa maendeleo ya jamii anashughulika na vikundi, na ndiye wa kumwona kuhusu ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Afisa ustawi anashughulika na mtu na nyumba yake, yaani mtoto anayeteswa, mgonjwa asiyeweza kulipa, mzee aliyetelekezwa, ndoa iliyofika pabaya, matunzo ya mtoto.

Kata nyingi hazina afisa ustawi wake. Usikate tamaa kwa sababu hiyo. Mwone mtendaji wa kata, mwombe namba ya afisa ustawi wa halmashauri, na kabla hujaondoka hakikisha shauri lako limeandikwa kwenye kitabu, likiwa na tarehe.

Shikamooni. Baba yetu ana miaka 67, ni mkulima wa jembe la mkono. Amelazwa hospitali ya rufaa siku kumi na moja kwa kidonda cha mguu kilichotokana na kisukari. Jana ameruhusiwa, bili ni 640,000. Nesi akasema "nendeni ustawi", na ustawi wakasema tukalete barua ya kijijini. Kijiji kiko kilomita 140. Tumekosea wapi? (Msomaji, Dodoma)

Marahaba. Mmekosea siku tu. Mngefika ofisi ile siku ya kwanza au ya pili baada ya baba kulazwa, barua ingekuwa imeshafika kabla kidonda hakijaanza kukauka.

Haki yenyewe ipo. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60, na Sera ya Afya ya 2007 inamtaja mzee asiye na uwezo kati ya wanaopaswa kutibiwa bila malipo, pamoja na wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano. Zingatieni hayo maneno "asiye na uwezo". Umri peke yake hautoshi. Lazima mtu aandike kwamba uwezo haupo, na huyo ndiye afisa ustawi. Wengi wanamwendea wakidhani ana kasha la fedha, wakati alicho nacho ni kalamu na fomu ya tathmini. Akishaijaza, anapeleka mapendekezo kwa uongozi wa hospitali: msamaha wote, msamaha wa sehemu, au kulipa kidogo kidogo kwa mdhamini.

Sasa barua. Barua nyingi za watendaji zinarudishwa kwa sababu hazisemi kitu. "Mtajwa ni mkazi wangu na ni maskini, naomba asaidiwe" haimsaidii mtu anayetakiwa kujaza kipato, mali na wategemezi. Mwombeni mtendaji aandike hivi: jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA au kadi ya mpiga kura, kitongoji na tangu lini anaishi hapo, analima ekari ngapi na mwaka huu alivuna magunia mangapi ya nini, mifugo ipo au haipo, watoto wangapi, wako wapi na wanafanya kazi gani, kama kaya iko kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, namba yake. Kisha sahihi, muhuri, tarehe na namba ya simu ya mtendaji. Muhuri ukikosekana mmefanya kazi bure. Barua hiyo haiuzwi. Mtu akidai "ya soda", mwambieni aandike na stakabadhi yake.

Kwa kilomita 140 msipande basi kwanza. Mwombeni afisa ampigie mtendaji simu mbele yenu, kisha mtendaji atume picha ya barua kwa WhatsApp wakati nakala yenye muhuri ikifuata kwa basi. Si kila afisa atakubali, ila kuomba hakuna gharama, na wengi wataanza tathmini kwa picha.

Tathmini nyingi zinakwama kwenye maneno ya ndugu. Mtoto wa kwanza anasema baba ana ng'ombe wawili, wa pili anasema hana kitu, wa tatu amekuja na gari la kuazima. Afisa ameyaona haya mara nyingi, na akishashuku anapunguza. Chagueni msemaji mmoja, aseme kweli yote pamoja na hao ng'ombe. Mwenye ng'ombe wawili na kidonda cha kisukari bado anaweza kupata msamaha wa sehemu. Aliyeficha ng'ombe hupoteza hata hiyo. Mwende pia na risiti zote za dawa mlizonunua nje. Hazitarudishwa, lakini zinaonyesha mmeshatoa kiasi gani.

Kwa kuwa baba ameshapewa ruhusa, ombeni leo hii makubaliano ya kulipa kidogo kidogo ili atoke, huku maombi ya msamaha yakiendelea. Kila siku anayoendelea kulala pale inaweza kuongeza bili. Na kabla hamjatoka, mwulizeni afisa kuhusu kusafisha kidonda: kama zahanati ya kijijini inaweza, aandikiwe barua ya kurudishwa huko. Nauli za kliniki kila baada ya siku mbili zinakata miguu ya watu wengi kuliko tunavyokiri.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 nayo imeweka utaratibu wa kuwagharamia wasio na uwezo. Lakini ili ugharamiwe lazima kwanza utambuliwe, na utambuzi unaanzia kijijini. Mkutano wa kijiji ukiitishwa kwa ajili ya kutambua kaya, mzee mwenyewe ahudhurie au atume mtu.

Binti wa kaka yangu, miaka 13, ameingiliwa na jirani juzi jioni. Familia ya jirani imeleta mbuzi na 300,000, na wazee wanataka tumalize kifamilia. Mimi ni shangazi tu. Nifanye nini? (Msomaji, Shinyanga)

Dada, barua hii tulimjibu mwandishi wake siku ile ile ilipofika, kwa sababu haikustahili kusubiri toleo. Tunaichapa kwa ajili ya wengine.

Anza na saa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinafanya kazi zikianza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Zinamezwa siku 28 bila kuruka. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba mwisho wake ni saa 120. Kwa hiyo mtoto anakwenda kituo cha afya kabla ya kikao chochote cha ukoo. Kama hospitali yenu ina Kituo cha Mkono kwa Mkono, hapo daktari, polisi na afisa ustawi wako pamoja na mtoto anasimulia mara moja. Kama hakipo, fomu ya polisi, PF3, mnaichukua kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Mkiambiwa mtoto hatibiwi mpaka PF3 ije, ombeni kuonana na mganga mfawidhi au afisa ustawi wa hospitali. Tiba ya dharura inaanza, fomu inafuata.

Asioge wala kufua nguo kabla ya kuchunguzwa. Kama ameshaoga, aende hivyo hivyo. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, ule wa kaki wa dukani unafaa. Mfuko wa plastiki unafungia unyevu, nguo inaota ukungu na ushahidi unaharibika. Kila nguo mfuko wake.

Mtoto asihojiwe na kila mjomba anayefika. Akisimulia mara sita, simulizi zitatofautiana hapa na pale kama za mtu yeyote, na wakili wa upande wa pili atazisoma tofauti hizo mahakamani moja baada ya nyingine. Mtu mmoja anayemwamini amsikilize, amwambie hana kosa, na aandike maneno yake kama alivyoyasema, na tarehe. Basi.

Kuhusu mbuzi na pesa: kesi ya kumwingilia mtoto ni ya Jamhuri, na wazee hawana mamlaka ya kuisamehe. Binti wa chini ya miaka 18 hana ridhaa ya kuulizwa, na kifungo kwa mtu mzima aliyetiwa hatiani hakipungui miaka 30. Tatizo ni kwamba kesi hizi haziuliwi na sheria. Zinauliwa na mashahidi wasiotokea. Mtoto anahamishiwa kwa bibi yake wilaya nyingine, "anasahau", faili linafungwa. Hapo ndipo afisa ustawi anapokuwa na kazi kubwa kuliko polisi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa ya mtoto kuvunjiwa haki aitoe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake, na shangazi anatosha. Huhitaji ruhusa ya baba wa mtoto. Afisa akiona nyumbani kuna shinikizo, anaweza kuomba mtoto akae kwa familia ya kuaminika au nyumba salama mpaka atoe ushahidi. Mwombe pia aongozane na mtoto siku ya mahakama na amwonyeshe chumba kabla. Mtoto wa umri wake anaweza kutoa ushahidi bila kuapishwa. Anaahidi kusema kweli na kutosema uongo. Ni jambo dogo, lakini mtoto asiyelitegemea huingia bubu.

Kama huna nauli wala wa kumwendea usiku, piga 116, Simu ya Huduma kwa Mtoto, bure. Watakuunganisha na afisa wa wilaya yako. Na yule mbuzi asichinjwe.

Kaka yangu ana TB. Kiwandani, ambako amefanya kibarua miaka mitatu bila mkataba, wamemwambia asirudi. Mwenye nyumba naye anataka ahame, anasema ataambukiza wapangaji. Tiba ana wiki ya tatu. (Msomaji, Temeke)

Mambo matatu hapa, na kila moja lina ofisi yake.

Kazi kwanza, kwa sababu ina tarehe ya mwisho. Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa fomu namba 1. Kufungua hakuhitaji wakili. Kukosa mkataba wa maandishi hakumwondolei haki: mwajiri ndiye anayepaswa kuwa na maelezo ya ajira kwa maandishi, na akishindwa kuyaleta, mzigo wa kuthibitisha unamrudia yeye. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Akusanye chochote kinachoonyesha alikuwepo, kama meseji za msimamizi, malipo ya simu au kitambulisho cha getini. Afisa ustawi hapa anaandika barua kwa CMA na kumwunganisha na wasaidizi wa kisheria. Asipofanya hivyo, muombeni.

Mwenye nyumba anahitaji kuelezwa, si kugombezwa. Mtu anayemeza dawa sahihi za TB ya kawaida hupunguza sana uwezo wa kuambukiza katika wiki mbili hivi za mwanzo, na kaka yako ameshazipita. Wa kumweleza ni mratibu wa TB au mhudumu wa afya wa jamii akiwa na afisa, na kwa ruhusa ya mgonjwa. Mambo ya kukubaliana ni ya kawaida tu: dirisha wazi mchana, kufunika mdomo anapokohoa, na wapangaji wote wenye kikohozi cha wiki mbili wakapime makohozi. Watoto wa chini ya miaka mitano wanaolala naye wapelekwe kliniki hata kama ni wazima, kwa kuwa wanapewa dawa ya kinga.

Tatu, amalize dozi. Ni miezi sita, miwili ya dawa nne na minne ya dawa mbili, na ni bure. Wanaoacha huacha mwezi wa pili au wa tatu, wakishapata nafuu na kurudi kutafuta riziki, au wakishatishwa na jambo ambalo hakuna aliyewatajia: mkojo na hata machozi kuwa rangi ya chungwa. Hiyo ni rangi ya dawa. Macho yakiwa ya njano, hilo ni ini, arudi kliniki siku hiyo hiyo. Ganzi ya miguu aitaje, ipo vitamini yake. Mke akitumia vidonge vya uzazi wa mpango haimhusu. Mgonjwa wa kike ndiye anayepaswa kubadilishiwa njia, maana dawa moja ya TB inavidhoofisha vidonge hivyo. Njaa nayo inaachisha dawa. Asiye na chakula ataficha aibu hiyo na kusema "zinanichefua", kwa hiyo afisa anayejua kazi yake atauliza jana usiku mlikula nini, na ataangalia jiko.

Kagera tumepata Marburg, ule ugonjwa wa homa ya kutoka damu, mara mbili. Wataalamu wakija wanasema "kaa ndani siku 21". Mbuzi wangu atafungwa na nani? (Msomaji, Biharamulo)

Swali la mbuzi ndilo swali lenyewe. Mlipuko wa 2023 uliotangazwa Machi 21 ulikuwa na wagonjwa 9, sita wakafariki. Wa Biharamulo ulitangazwa Januari 2025 na kumalizika Machi. Katika magonjwa ya namna hii, mtu anatoroka karantini kwa sababu ya kuni, shamba, mtoto wa kunyonya au dawa zake za kila siku. Ndiyo maana timu inayoenda bila afisa ustawi hukuta nyumba tupu siku ya nne.

Siku ya kwanza afisa akifika kwako, hesabu naye: watu wangapi wanakula hapo, nani ananyonya, nani anameza ARV, dawa za presha au za siko seli na zimebaki za siku ngapi, mifugo ipi na nani jirani atakayeichunga, shamba liko hatua gani. Taja na simu ya kukupigia kila siku. Siku 21 zinahesabiwa tangu ulipomgusa mgonjwa mara ya mwisho, kwa hiyo omba tarehe ya kumaliza iandikwe. Godoro au nguo zikitakiwa kuchomwa, ziorodheshwe kwanza, na nakala ubaki nayo, maana kudai fidia ya jivu ni kazi ngumu.

Ukimaliza siku hizo, dai barua ya kuthibitisha umemaliza na umwombe mwenyekiti wa kitongoji aitangaze mkutanoni. Bila hivyo dukani watakutupia chenji chini. Mwanamume aliyepona aelezwe faraghani kuhusu kondomu: kirusi hubaki kwenye manii kwa miezi, na ushauri ni kuitumia kwa mwaka mzima au mpaka vipimo viwili vitoke safi.

Nasoma stashahada ya ustawi wa jamii, naanza mafunzo kwa vitendo. Nikitembelea kaya nibebe nini? (Mwanafunzi, Iringa)

Daftari lisilo na nembo ya ofisi, kalamu mbili, kitambulisho, maji yako ya kunywa, na orodha ya simu: Dawati la Jinsia, mganga mfawidhi, mtendaji, 116. Usibebe zawadi. Mwambie msimamizi wako nyumba gani na utarudi saa ngapi.

Gari la halmashauri liache mbali, kwani likiegesha mlangoni kijiji kizima kinajua nyumba hiyo ina shauri. Kaa pale ulipokaribishwa, hata kama ni kigoda. Usitoe daftari dakika kumi za kwanza.

Ukirudi, andika ulichoona kwenye ukurasa mmoja na unachofikiri kwenye mwingine. "Kaya ni maskini sana" ni fikra. "Saa saba mchana, jivu jikoni baridi, sufuria moja imefunikwa na tupu, mtoto wa darasa la nne yuko nyumbani amembeba mdogo wake" ni ulichoona, na hicho ndicho mganga mfawidhi au hakimu atakachokifanyia kazi. Kiandike siku hiyo hiyo. Kesho yake utakuwa umetembelea nyumba nyingine tatu, na sufuria zitaanza kuchanganyika.